Hujasalimu amri wewe, umekubali yaishe tu

Mwezi uliopita nilimtumia mdogo wangu meseji saa tano usiku, baada ya miezi nane ya kutoongea. Nilikuwa nimeiandika na kuifuta sijui mara ngapi, kuna toleo lilikuwa refu kama barua, lina maelezo yote, lina mzee alisema hivi na mama alisema vile, mwisho nikafuta yote nikaandika fupi kabisa. "Nimesalimu amri. Nyumba ya mzee haiuzwi." Nikaweka simu pembeni nikiamini nimefanya jambo kubwa, maana mimi ndo mkubwa, na mkubwa kumwandikia mdogo wake maneno kama yale si kitu kidogo.

Jibu likaja asubuhi. "Hujasalimu amri wewe dada, umekubali yaishe tu."

Niliumia. Nikasema huyu hataki amani, mtu nimeshuka mpaka chini kabisa bado ananisahihisha maneno. Lakini kazi yangu kwa miaka mingi ni kupitia maandishi ya watu kabla hayajachapwa, neno likiwa halijakaa vizuri mimi silali, na ile sentensi yake ilikaa vizuri mno. Kila nikiigeuza naona ni mimi niliyetumia neno lisilo langu. Sasa nimeona niandike, kwa sababu hiki kitenzi nakipenda, na naona tunakitumia hovyo sana siku hizi, mimi mwenyewe nikiwemo.

Tuanze na salimu. Ukimuuliza mtu yeyote kusalimu ni nini atakwambia ni kutoa salamu, na ni kweli, ila neno hilohilo lina maana nyingine, kukabidhi, yani kutoa kitu mkononi mwako ukakiweka mkononi mwa mwenzio. Limetoka kwenye Kiarabu pamoja na ukoo wake mzima wa herufi s, l na m, humo kuna salama, salamu, salimika, silimu, Uislamu wenyewe, na kuna ndugu mmoja ambaye watu wengi hawajui kama ni wa ukoo huu, taslimu. Ile ya fedha taslimu. Fedha taslimu ni fedha iliyokabidhiwa, imetoka mkono huu imeingia mkono ule, siyo ahadi, siyo "ntakupa mwisho wa mwezi", imeshahama. Siku nilipoliona hilo nilisimamisha kazi nikakaa kimya, kwa sababu ina maana kulipa taslimu na kusalimu amri ni kitendo kilekile, tofauti ni kile kinachohama tu.

Na kinachohama hapa ni amri. Hili neno nalo halijawekwa pale kupamba. Ni amri ileile ya kuamuru, na amiri, yule wa Amiri Jeshi Mkuu, yumo humohumo. Mwenye amri ni yule akisema fanya hivi inafanyika. Kwa hiyo mtu anaposema nimesalimu amri anachosema hasa ni kwamba mpaka jana mwenye kusema nilikuwa mimi, kuanzia leo ni wewe. Hasemi kwamba amechoka, hasemi kwamba amekosea, hasemi hata kwamba wewe una haki. Anasema nimekukabidhi.

Sasa hapo ndo linakuja jambo ambalo mimi naliona ndo moyo wa kitenzi chenyewe. Kushindwa unafanyiwa. Angalia neno lenyewe lilivyo, shinda, shindwa, kuna mtu kakushinda wewe umeshindwa, wewe ni mpokeaji tu. Lakini kusalimu amri unafanya mwenyewe. Hakuna mtu anaweza kukusalimia amri yako. Anaweza kukupiga, kukufunga, kukunyang'anya, akakuua kabisa, lakini kitenzi hiki kina mtendaji mmoja tu na huyo ni yule anayetoa. Jaribu kukiweka kwenye hali ya kutendwa uone, "amri imesalimiwa", hakikai, masikio yanakataa.

Historia yetu wenyewe ina mifano miwili inayoonyesha hili vizuri kuliko kamusi yoyote. Wa kwanza ni Mkwawa wa Wahehe. Mwaka 1891 alilipiga jeshi la Wajerumani pale Lugalo, kamanda wao Zelewski akafia hapohapo. Mwaka 1894 Wajerumani wakarudi wakaibomoa ngome yake Kalenga kwa mizinga. Hapo kwa lugha yoyote ile ameshindwa, ngome imekwenda. Lakini alitoka akaingia porini akapigana miaka minne mingine, na mwezi Julai 1898 walipomkaribia kabisa akajiua kwa bunduki yake mwenyewe. Wakachukua kichwa chake wakapeleka Ujerumani, fuvu lilirudi mwaka 1954. Sasa wewe uniambie, huyo alisalimu amri lini? Walichukua ngome, wakachukua nchi, wakachukua mpaka fuvu, ila amri hakuwapa. Alishindwa na hakusalimu amri, na hayo mambo mawili yanaweza kukaa kwa mtu mmoja bila kugombana.

Wa pili ni kinyume chake. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki kwenye vita kuu ya kwanza. Vita Ulaya vilisimama tarehe 11 Novemba 1918 na yeye wakati huo alikuwa bado yuko porini na jeshi lake, ameshapita Msumbiji ameingia upande wa Zambia ya leo, bado anapigana, hakuna aliyemkamata. Habari zikamfikia kuchelewa. Tarehe 25 Novemba, wiki mbili baada ya vita kwisha, akaenda Abercorn, ambayo leo inaitwa Mbala, akakabidhi silaha mbele ya Waingereza, yeye na maafisa wake na askari wa Kiafrika zaidi ya 1,000 na wapagazi wengi kuliko hao. Uwanjani hakuwa ameshindwa siku ile, lakini alisalimu amri, kuna mahali, kuna tarehe, kuna bunduki zilizowekwa chini. (Na wale wapagazi ndo walikufa kwa maelfu kwa njaa na maradhi katika vita isiyokuwa yao, hakuna aliyewauliza kama wanasalimu au wanaendelea, na hilo kila nikisoma habari za Abercorn linanibana kifua.)

Yuko na yule Mjapani, Hiroo Onoda, aliyebaki kisiwa cha Lubang kule Ufilipino tangu vita kuu ya pili, nchi yake imeshasaini kusalimu amri tarehe 2 Septemba 1945 yeye yuko msituni mpaka Machi 1974. Walimdondoshea karatasi kutoka angani hakuamini, kilichomtoa ni mkuu wake wa zamani kwenda mwenyewe kumwambia kazi yako imekwisha. Alikuwa anasubiri amri. Ukimsimulia huyo kwa Kiswahili unaona neno linavyofanya kazi, amri hakuwa nayo yeye, alipewa, kwa hiyo hakuona kama ni yake ya kukabidhi mpaka aliyempa aichukue.

Sasa rudi kwenye magazeti na posti tunazosoma kila siku. Timu imefungwa tatu kwa moja, kichwa cha habari kinasema imesalimu amri. Imesalimu wapi? Walicheza dakika tisini zote, bao lao la kufutia machozi wamelipata dakika za mwisho kabisa, hao wamefungwa, wamelala, wamekubali kichapo kama unataka, lakini hawakukabidhi kitu. Kama wangeondoka uwanjani dakika ya sitini wakasema chukueni pointi zenu, hapo ndo neno lingewafaa. Najua mwandishi anatafuta neno zito la kuweka juu, nami si mtu wa kusema lugha isiguswe, lugha inatembea, ila ukitumia neno zito kwa kila kitu linakuwa jepesi, halafu siku unalihitaji kweli halipo.

Na mimi nililihitaji. Mama yetu mdogo alifariki baada ya kuumwa muda mrefu, na mtu, sijui kwa nia gani, naamini kwa nia nzuri, akaandika kwenye grupu la familia kwamba mama mdogo "amesalimu amri baada ya kupambana na maradhi". Watu wote wakaweka alama za kulia. Mimi nilitupa simu kitandani. Kwa sababu mi nilikuwa naye siku mbili kabla, hawezi kukaa mwenyewe, sauti imebaki ndogo, na bado anauliza ile dawa ya jioni mbona imechelewa, anataka niandike nani anamdai na yeye anamdai nani, anataka nguo fulani ifuliwe kwa sababu wiki ijayo ana kikao. Wiki ijayo! Huyo mtu alikabidhi nini, kwa nani? Mwili ulichukuliwa, amri hakuitoa. Unaweza kusema amefariki, ametutoka, ametangulia, amemaliza safari, Kiswahili kina njia nyingi za heshima za kusema kifo na zote zingemkaa, ila ile moja ilimsingizia jambo ambalo hakulifanya. Sikujibu kwenye grupu, haikuwa siku ya kusahihishana. Lakini tangu siku hiyo nikikuta sentensi ya namna hiyo kazini naibadilisha, naandika amefariki baada ya kuugua, na mwandishi akiuliza namweleza.

Niseme na umbo lake kidogo kwa wanaoandika. Ni kusalimu amri, siyo kusalimia amri, naiona sana hii, salimia ni kumpa mtu salamu na amri haipewi salamu. Silaha husalimishwa, ndo maana serikali ikitoa muda wa watu kurudisha bunduki wanazomiliki kinyume cha sheria utasikia "salimisheni silaha kwa hiari". Mtu naye hujisalimisha, mtuhumiwa amejisalimisha polisi, yani kachukua mwili wake kaupeleka. Halafu kuna vijana na kusarenda yao, nimesarenda, tumesarenda, sina ugomvi nayo hata kidogo, ni nyepesi na inafaa kwa mambo mepesi, umembembeleza mtoto kwa saa mbili nzima alale, halali, umesarenda, inatosha, hapo kusalimu amri lingekuwa kubwa mno.

Na kubwaga manyanga ni kitu kingine tena ingawa watu wanaviweka kapu moja. Manyanga ni vile vibuyu vyenye mbegu ndani vinavyotikiswa kwenye ngoma au mikononi mwa mganga, sasa ukivibwaga maana yake umeacha kucheza, ngoma iendelee na wengine. Kocha anabwaga manyanga, mwenyekiti anabwaga manyanga. Haumpi mtu chochote, unadondosha chini unaondoka, atakayeokota ataokota. Ndo maana mtu anaweza kubwaga manyanga kwa hasira, kwa kiburi kabisa, mlango ukapigwa, lakini kusalimu amri kwa hasira ni kugumu, kwa sababu lazima usogee karibu na yule unayemkabidhi.

Haya, turudi kwa mdogo wangu na yaishe.

Kukubali yaishe naona ndo kauli tunayoitumia zaidi majumbani kuliko zote, na ni tamu sana ukiiangalia. Umekubali nini? Yaishe. Hujakubali kwamba mwenzio ana haki, hujakubali kwamba wewe umekosea, hujakubali hata hilo jambo lenyewe mlilokuwa mnagombania, umekubali kuisha. Hayo yanayoisha hayana hata jina, ni "ya" tu, mambo, maneno, makelele. Ni kauli ya mtu aliyechoka. Ina hekima yake, nisiibeze, kuna nyumba zimesimama miaka arobaini kwa sababu kila wiki kuna mtu mmoja anakubali yaishe. Inatembea na jamaa zake, kuna kukubali kwa shingo upande, na hiyo mtu yeyote aliyewahi kumwona mtoto akiambiwa aombe msamaha anajua shingo inavyokaa, mdomo unasema ndiyo na shingo imeshageukia kwingine. Kuna funika kombe mwanaharamu apite. Kuna ule mkono usioweza kuukata, ubusu, ambao mimi naona ni mkali kuliko zote kwa sababu kisu bado unacho, umekificha tu. Zote hizo ni njia za kusimamisha ugomvi bila kutoa kitu. Ulichokuwa nacho unabaki nacho.

Na watu wazima wetu walilijua hili la kutoa, wakalifundisha kwa watoto kwenye mchezo. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Mnahangaika pale, huyu anasema hiki yule anasema kile, mnashindwa. Sasa kushindwa tu hakutoshi kupata jibu, mtegaji hasemi basi kwa kuwa mmeshindwa jibu ni hili. Anasema nipe mji. Lazima utoe mji! Unamtajia mji, mwingine anaukataa, huo siutaki, nipe mwingine, unamtajia mkubwa zaidi mpaka aridhike, ndo anaanza kusimulia alivyokwenda kwenye huo mji na watu wake wakampokea, halafu ndo anasema jibu ni yai. Bibi yetu alikuwa anakataa miji mpaka mitano. Mdogo wangu akiwa na miaka sita saba hivi alikuwa analia kabisa, siyo kwa sababu hajui jibu, analia kwa sababu hataki kutoa mji aliokuwa anaupenda, anatoa mingine yote ule anauficha, na bibi anaujua kwa hiyo anasubiri hukohuko. Mpaka autoe. Nilikuwa nasahau hii kitu kabisa, imenirudia wakati naandika hapa.

Kwa hiyo alichoniambia yule mtoto aliyekuwa anaficha mji ni kwamba mimi sijatoa mji.

Na kuna jambo jingine kwenye meseji yake ambalo sikuliona siku ya kwanza wala ya pili. Hakusema hukusalimu amri. Alisema hujasalimu. Kiswahili kinatenganisha hayo, na hapa kila anayeandika awe makini kwa sababu ni herufi mbili zinabeba mzigo mzima. Hakusalimu, ku, ni jambo limefungwa, lilikuwa na wakati wake likapita halikutokea, ndo tunasema Mkwawa hakusalimu amri na mama mdogo hakusalimu amri. Hajasalimu, ja, bado mlango uko wazi, halijatokea mpaka sasa ila linaweza kutokea, saa yoyote, kesho. Ukisema marehemu "hajasalimu amri" umekosea, na ukimwambia mtu aliye hai na unayemtaka arudi "hukusalimu amri" umemfungia mlango. Yeye angeweza kuandika hukusalimu. Ana hasira na mimi miezi nane, angeweza. Aliandika hujasalimu. Sidhani kama alichagua, watu hawachagui viambishi saa kumi na mbili asubuhi, mdomo unajua wenyewe, na ndo maana niliiamini.

Basi nikajiuliza, nilikuwa na amri gani ambayo sijaitoa? Nyumba haiuzwi, nimeshasema, nini tena. Na jibu lilikuwa mita mbili kutoka nilipokaa. Hati ya nyumba iko kwenye kabati langu tangu mzee alipofariki, kwenye bahasha ya kaki, niliichukua mimi kama mkubwa na hakuna aliyeuliza wakati ule. Miezi yote ile ya ugomvi mimi nilikuwa na hati na yeye ana maneno. Nikisema haiuzwi leo, kesho naweza nikasema inauzwa, na yeye atakuwa palepale na watoto wake waliojifunza kutembea kwenye ile baraza, anasubiri mimi nikae nikifikiri. Nilikuwa nimetoa neno, neno si taslimu.

Nilichelewa wiki moja nyingine. Sitaki kusema ilikuwa rahisi. Nilijiambia hati ni salama zaidi kwangu, nilijiambia mkubwa ndo anatunza, nilijiambia ntampa nakala, hiyo ya nakala nilikuwa nimeshaitoa kabisa mashineni. Nakala! Yani hata pale nilikuwa natafuta mji mdogo wa kumpa.

Jumapili nikaenda na bahasha yenyewe. Sikumpigia simu kabla. Alikuwa uani anatengeneza kiti, akaniona akaendelea na misumari yake, nikasogea mpaka nikamfikia nikampa mkononi, siyo mezani, mkononi. Nikamwambia hii ni ya nyumba, utaamua wewe. Akafuta mikono kwenye suruali ndo akaipokea, hakuifungua, aliipapasa tu unene wake akajua si nakala.

Miezi nane huyu mtu hakuwa amenisalimia, tulipokutana kwenye shughuli za watu anapita pembeni.

"Shikamoo dada," akasema.

"Marahaba."

Akaingia ndani kuiweka, akarudi na kiti kingine, akaanza kunieleza bati la upande wa jikoni linavyovuja na anafikiria libadilishwe lote au lizibwe kwanza, nikataka kusema lizibwe, nikanyamaza nikamsikiliza.